Viraka Nilivyomsomea Kaka

Shuleni sikuweza kusoma kwa sauti. Mwalimu wa Kiingereza akiniita, nasimama na kitabu, wasichana wa nyuma wanaanza kuchekea puani, na mwisho mwalimu mwenyewe ananionea huruma: "Ijlisi," yaani kaa. Nakaa. Lakini nyumbani, mwaka ule, nilikuwa nasoma kwa sauti karibu kila siku baada ya sala ya alasiri, tena mambo ambayo mwalimu yule sidhani kama angeyaweza: mabano, mishale, nyota, namba zenye msururu wa sifuri baada ya nukta. Nilikuwa namsomea kaka yangu viraka.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa Nizwa, Oman, darasani hakuna anayekisoma. Wawili watatu wanakizungumza kwao, lakini kukiandika hawajafundishwa, na mimi mwenyewe nimejifunza kwa Bibi na kwa barua za mama mkubwa kutoka Tabora. Maneno mengine sinayo. Nikikwama nitazunguka.

Kaka ndiye mkubwa wetu. Alikuwa anafanya kazi Firq, nje kidogo ya mji, katika ofisi ndogo ya wapima ardhi, ghorofa ya juu. Chini yake kulikuwa na gereji ya kunyoosha mabodi ya magari, kwa hiyo kutwa alifanya hesabu huku nyundo zinalia. Wapima wanakwenda kupima mashamba ya mitende na viwanja vya nyumba, wakirudi wanampa namba, yeye anaziingiza kwenye kompyuta zinakuwa ramani. Programu iliyohifadhi zile namba, hifadhidata yenyewe, ilikuwa ya bure na haina mwenyewe. Inaandikwa na watu waliotawanyika duniani, hawajuani kwa sura, wanaandikiana barua pepe tu. Mtu akitaka kubadilisha kitu ndani yake anawatumia wenzake mabadiliko, na hayo mabadiliko ndiyo tuliyokuwa tukiyaita kiraka. Kiraka hakishonwi mpaka mtu mwingine akipitie mstari kwa mstari, kisha aandike mbele ya wote kwamba amekitazama na kiko sawa.

Kaka alikuwa mmoja wa hao wapitiaji. Alishika namba zenye desimali ndefu, na maumbo: nukta, mstari, boksi, duara, poligoni. Aliingia kwa bahati. Shamba la mtu mmoja wa Izki lilitoka na eneo lisiloingia akilini, Kaka akalifuatilia kosa mpaka ndani ya programu, akawaandikia, wakamshukuru, wakamwomba atazame na kingine. Basi ikawa ndiyo starehe yake. Vijana wenzake walikuwa wanakwenda kucheza mpira kwenye wadi, lile bonde kavu la mto, yeye anakaa na poligoni.

"Wanakulipa nini?" Baba alimwuliza siku moja tukiwa kwenye chakula.

"Hawalipi, Baba."

"Umeshawaona?"

"Sijawaona."

Baba akamgeukia Bibi. "Hawalipi, hawaonekani. Mama, mjukuu wako kaajiriwa na majini."

"Majini hulipa," akasema Bibi.

Kumsomea kulianza kama fadhila kwangu mimi. Alisema Kiingereza changu kinahitaji nguvu na njia nzuri ni kusoma kwa sauti. "Njoo uketi hapa. Usiogope, hapa hakuna wa kukucheka." Yeye alilala chali kwenye zulia, mkono juu ya macho, na mimi nikakaa kwenye kiti chake mbele ya kompyuta. Simu ya nyumba ikawa imeshikwa na mtandao, Mama anagomba uani kwamba mashoga zake hawampati.

Kiraka kinasomeka hivi: mstari ulioanza na alama ya kutoa unaondoka, mstari ulioanza na alama ya kujumlisha unaingia mahali pake. Kusema "minus" na "plus" kila mara kulinichanganya, maana ndani ya mistari mlikuwa na hesabu zenye alama zilezile. Nikaanza kusema toa na tia. Toa: kama upana ni mdogo kuliko sifuri, rudisha uongo. Tia: kama upana ni mdogo kuliko sifuri au si namba, rudisha uongo. Kaka alipenda. Ulimi wangu nao ulipenda, sijui kwa nini. Nilikuwa najisikia nikisoma na sauti haitetemeki.

Bibi alikuwa anachambua mchele kwenye mkeka mlangoni, anasikiliza. "Toa, tia, toa, tia," akasema. "Mbona hamwonji?"

Nilidhani nasoma tu, kumbe nilikuwa naelewa. Kilichonifungua ni kiraka kimoja cha habari ya usawa. Programu ile tangu zamani ilikuwa na ulegevu: nukta mbili zikikaribiana mno, chini ya unene wa unywele, ilizihesabu kuwa moja. Mtu mmoja akataka ulegevu uondolewe, kitu kiwe sawa kabisa au kisiwe sawa. Barua zikawa nyingi, na wengine walikuwa wakali.

"Wewe wasemaje?" Kaka aliniuliza.

Sikuzoea kuulizwa. Nikamwambia kama A ni sawa na B, na B ni sawa na C, basi A na C lazima ziwe sawa, na kwa ule ulegevu haziwi. Kwa hiyo uondoke.

"Bibie mkali," akacheka, mkono bado juu ya macho. "Sasa chukua wapima wawili. Huyu apime kona ya ukuta leo, yule aipime kesho. Hawapati namba moja hata siku moja. Ukiwa mkali, ile kona inakuwa kona mbili, na kati ya jirani na jirani panazuka uzi wa ardhi usio na mwenyewe. Watu wakigombania huo uzi, nani atawaamua?"

"Kwa hiyo ubaki?"

"Sijui. Ndiyo maana watu wazima wanatukanana."

Nilikwenda kulala nimefurahi kwa ajili ya lile "sijui". Hakuna mkubwa aliyewahi kuniambia sijui.

Dalili zilikuwepo na nilizipita. Herufi za kwenye kioo cha kompyuta alikuwa amezikuza mpaka mistari inakatika. Akitazama kitu anainamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayetazama mwewe, na anaminya jicho la kushoto. Alikuwa na miwani ya dukani pale Nizwa, akabadilisha, akabadilisha tena, ikawa inakaa ndani ya gari haivaliwi. Mara kwa mara ananiuliza, "Hiyo ni nukta au mkato?" Nilisema moyoni amechoka, anafanya kazi ya watu wawili.

Kisha ikaja mitihani yangu na Mama akanikataza kukaa kwenye kompyuta. "Mama, vitabu kwanza," alisema. Mama ni wa Bara, huwaita mabinti zake mama. Kwa hiyo kwa muda sikumsomea. Mtihani wa mwisho ulipokwisha nikaenda chumbani kwake bila kuitwa. Alikuwa amejilaza kama kawaida.

"Kuna barua?" akauliza.

Ilikuwapo moja, ya mtu tuliyemjua kwa barua zake tu, mpole, haandiki neno la ziada. Nikaanza kuisoma kabla sijaitazama yote, na nilipofika katikati nilikuwa nimeshachelewa kuacha. Ilisema kwamba kiraka cha boksi, ambacho Kaka aliandika siku za mitihani yangu kwamba amekipitia na kiko sawa, kina kosa mahali pa wazi. Boksi katika programu ile huhifadhiwa kwa kona mbili tu zinazotazamana. Ukitaka upana unachukua kulia unatoa kushoto. Aliyeandika kiraka alikuwa amechukua kulia akajumlisha kushoto. Majaribio hayakulikamata kosa kwa sababu maboksi yote ya majaribio yalianzia kwenye sifuri, na ukijumlisha sifuri au ukiitoa jibu ni lilelile. Ndiyo maana, akaandika yule mtu, tunahitaji macho ya binadamu. Halafu akauliza: ulikisoma kweli, au ulimwamini tu mwandishi?

Barua hiyo ilikuwa imekwenda kwa wote.

Kaka aliinuka. "Nioneshe mstari."

Nikautafuta, nikaweka kidole. Alikuja karibu mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akainamisha kichwa kulia, akakiinamisha kushoto.

"Hiyo ni kutoa."

"Ni kujumlisha, Kaka."

"Kutoa. Ina kivuli chini yake, hicho tu."

"Kivuli gani?"

Akaziba jicho moja, akafungua, akaziba la pili. Nikatamani ningekuwa bado nina mitihani.

"Funga mlango," akasema.

Aliniambia. Kila kitu kina pacha wake, kimeshuka kidogo na kimekwenda upande, na mapacha wenyewe wana vivuli. Mwezi anauona kama kishada cha zabibu. Taa za magari zinafumuka kama fashifashi, zile fataki za sikukuu. Ilianza taratibu toka alipokuwa chuoni na sasa inakwenda mbio. Mchana mweupe ana nafuu, na vitu anavyovijua anavijua. Ofisini anajua vitufe vya kompyuta viko wapi, na njia ya Firq anaifahamu kama kwenda msalani. Viraka ndivyo vilivyomshinda, kwa sababu ndani ya kiraka hakuna kitu unachokijua toka kabla.

"Umekwenda hospitali?"

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Nimesema nitakwenda. Wakinikuta na la kukata, watakata." Akakaa kitandani. "Sikiliza. Baba akijua, ufunguo wa gari anachukua leoleo. Ofisini wakijua, mtu wa mipaka asiyeona mpaka wamfanyie nini? Niache nijipange. Mama usimwambie. Ukimwambia, wallahi, usinisemeshe tena."

Nikaapa. Nitasema ukweli, sikuapa kwa ajili ya kazi yake wala gari. Niliapa kwa sababu ya "usinisemeshe". Katika nyumba ile na shule ile na mji ule, yeye ndiye niliyekuwa nasema naye.

Jioni ileile aliniandikisha jibu: kosa ni langu, kiraka kirudishwe, nilikuwa na haraka. Niliandika neno haraka kwa vidole vyangu na nikajua si kweli.

Baada ya hapo nikawa simwoni Kaka, namwona dereva. Kila akichukua ufunguo namfuata mpaka mlangoni. Akichelewa kurudi kutoka Firq nasimama uani najifanya nanyunyiza maji mimea. Nikawa naota magari. Mama akaniuliza kama nimepata mchumba, maana sili.

Mwezi haukupita ikaja arusi kule Ibra, ya binti wa shangazi yetu. Baba alitangulia siku mbili kabla pamoja na wanaume wa kupika. Sisi wengine, yaani Mama, Bibi na mimi, tuletwe na Kaka asubuhi ya arusi. Hakuna aliyeuliza kama anaweza. Kijana mkubwa ndiye dereva wa kina mama, na kumtilia shaka dereva wako ni kumvunjia heshima mbele ya watu.

Nilimfuata garini anapanga mabegi. "Sema unaumwa."

"Nikisema naumwa watakosa arusi, na Baba atakuja kunitazama naumwa nini. Njia hiyo naijua."

"Huijui kama ya Firq."

"Basi kaa mbele," akasema bila kunitazama, "unisomee."

Mama kila safari hukaa mbele. Nilipomwomba anipishe alinishika paji la uso. "Mama, leo umekuwaje? Wewe wa kujificha nyuma?" Lakini akanipisha. Bibi akavuta dua ya safari, ndefu, na mimi nikaitikia amina kwa nguvu kuliko siku zote.

Tukatoka Nizwa, na nikaanza kusoma njia. Nilisoma kwa sauti ndogo, midomo haifunguki sana, kama nilivyokuwa nasoma kiraka wakati Bibi amelala. Mbele pikapu, inapunguza. Kulia gari linataka kuingia. Limengoja. Taa nyekundu, mbali. Bado nyekundu. Kijani. Kaka alikuwa anaitikia kwa kichwa kidogo sana. Mikono yake ilishika usukani mpaka vifundo vikawa vyeupe.

"Kiplefti," nikasema. "Tupu. Pita."

"Hebu mwache kaka yako aendeshe," Mama akasema kutoka nyuma. "Unamtia kiwewe."

"Mwache, Mama. Nimemwambia anisaidie, ajifunze njia."

"Ajifunze ili iwe nini? Ataendesha teksi?"

Bibi akacheka. Kaka akacheka pia, na kwa muda nikaanza kuamini kwamba tutafika, kwamba mimi na yeye tukiwekwa pamoja tunatosha kuwa dereva mmoja. Nilijiona hodari. Tulipita Izki salama. Baada ya Izki tukashika njia ya Sinaw, njia nyembamba, magari yanakujia uso kwa uso, na pembeni nyika ya rangi moja mpaka upeo wa macho.

Mama akaniuliza kama nimechukua lile bahasha la pini za mitandio. Nikageuka kumjibu. Ni hilo tu. Nimelifikiria sana, na ni hilo tu: niligeuka nikasema, "Liko kwenye begi la bluu, Mama," na nilipourudisha uso mbele, mbuzi walikuwa wanavuka na mzee mwenye fimbo kati yao, na gari lilikuwa halijapunguza hata kidogo.

Nilipiga kelele. Si neno, kelele. Kaka akakata usukani kulia, gari likaingia kwenye changarawe likaserereka, vumbi likatufunika, likasimama. Nilisikia vikombe vya Bibi vinavunjika kwenye kapu.

Vumbi lilipotulia yule mzee alikuwa amesimama barabarani amenyanyua fimbo, anatutukana kwa Kiarabu cha kibedui, mzima. Mbuzi wazima. Mama akawa anacheka na kulia pamoja, anapapasa kila mtu, mimi, Bibi, Kaka.

"Nilimwona," Kaka akasema. "Nilimwona, Mama. Nilikuwa nataka kumpita kwa nyuma."

Mama akasema alhamdulillahi, kijana, umetuokoa. Akampigapiga bega. Akasema ni mimi niliyemshtua kwa makelele yangu.

"Hakumwona," nikasema.

Kaka akanigeukia.

"Mama, Kaka haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni. Macho yake yameharibika. Mimi ndiye ninayemwonea toka Nizwa."

"Mwongo," Kaka akasema. Alilitamka polepole. Akafungua mlango, akashuka, akasimama kando ya gari na kanzu yake nyeupe imejaa vumbi. Mama naye akashuka. Nilimsikia anamwambia asome kile kibao cha njia kule mbele. Kaka akakisoma mara moja, jina la mji na yote. Kila mtu anajua kile kibao kimeandikwa nini, barabara ile haiendi pengine. Mama akageuka kunitazama kupitia dirishani, na ule uso sitausahau. Nilikuwa binti aliyemzulia kaka yake.

Hapo Bibi akateremsha kioo. Bibi humwita Kaka mume wangu, na mimi huniita mke mwenzake; ndio utani wake toka tungali wadogo.

"Mume wangu," akasema, "mimi kizee nna mtoto wa jicho, na pale ng'ambo nnaona mbuzi watatu wanakula mti. Wewe waona wangapi?"

Kaka akatazama ng'ambo. Akainamisha kichwa kulia. Akakiinamisha kushoto. Magari mawili yakapita. Aliweza kubahatisha, na nadhani alifikiria kubahatisha.

"Bibi," akasema mwisho, "mimi naona kundi."

Mama akakaa chini palepale kwenye changarawe na buibui lake la arusi.

Tulimpigia Baba kwa simu ya mkononi. Mbele kidogo palikuwa na duka la chai la Mhindi, tukaenda kwa miguu, Bibi nimemshika mkono. Tulikaa kivulini tukangoja. Kaka alikaa peke yake kwenye kreti upande wa jua. Nilimpelekea chai, akaiacha ikapoa. Baba alikuja na binamu yetu wa kuendesha gari la pili. Alinyoosha kiganja, Kaka akaweka ufunguo, na wote wawili wakatazama chini.

Arusini Mama aliwaambia watu kwamba tumechelewa kwa sababu ya tairi. Nilikaa kwenye kona na wasichana wasiokuwa na habari nami, wanawake wanapiga vigelegele, na kila aliyenisalimia nilimjibu kwa kichwa.

Hospitali ya Maskati walimwambia jina refu la ugonjwa. Kile kioo cha mbele ya jicho, ambacho kwa watu kimeviringana kama kuba la msikiti, chake kinachongoka mwaka hadi mwaka kinakuwa kama koni, na kimekuwa chembamba. Walimpa lenzi ngumu za kuvaa ndani ya macho. Akizivaa anaona, lakini vumbi la Firq likiingia chini yake anatokwa na machozi kutwa nzima, na saa nyingine hawezi kuzivaa kabisa. Wakasema zikishindikana itabidi kupandikiza, na zamu ni ndefu. Ofisini wakamwambia apumzike kwanza. Mpaka lini, hawakusema.

Na mimi hakunisemesha. Alitimiza. Chumvi iliyo mbele yangu alimwomba Bibi. Nikiingia chumbani anatoka, si kwa hasira, anatoka tu kama mtu aliyekumbuka jambo. Baba aliniambia mbele ya watu kwamba niliokoa roho nne, na nilitamani asiseme, kwa sababu mimi najua nilivyokaa kimya karibu mwezi mzima naye anaendesha, na najua kwamba pale barabarani sikusema kwa ushujaa. Nilisema kwa sababu Mama alinitupia mimi lawama. Kama asingesema nimemshtua Kaka, sijui. Wallahi, sijui. Pengine tungeendelea mpaka Ibra.

Viraka viliendelea kuja. Nilikuwa navisikia vinashuka, ile sauti ya simu inavyokoroma kabla ya mtandao kushika, halafu kimya, halafu kiti chake kinalia anavyoinama mbele, anavyorudi nyuma.

Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana Mama alikuja jikoni. "Kaka yako anasema uende."

Alikuwa amelala chali, mkono juu ya macho. Lenzi zilikuwa kwenye kibweta chake mezani. Nilikaa kwenye kiti. Hakunisalimu.

"Andika barua. Kwa wote."

Nikafungua ukurasa.

"Andika: macho yangu ni mabovu, na yalikuwa mabovu nilipokuwa napitia kazi zenu. Haikuwa haraka. Kila kiraka cha namba na cha maumbo nilichokisema kiko sawa toka mwaka jana, naomba mwingine akipitie upya."

Niliandika mpaka hapo nikasimama. "Vyote? Vingine nilivisoma mimi. Nilisoma kila alama."

"Ulisoma. Aliyesema sawa ni mimi."

"Lakini vile ni sahihi, Kaka. Watakuona... Miezi yote ile ya kazi."

"Kuna mtu mahali ana shamba ndani ya hiyo programu. Andika."

Niliandika. Gereji za Firq zinafungwa Ijumaa, na mtaa nao ulikuwa umelala; nilikuwa nasikia vidole vyangu.

"Ongeza," akasema. "Andika kwamba baadhi ya viraka nilisomewa kwa sauti na mdogo wangu wa kike, mwanafunzi, na ni yeye aliyeona lile kosa la boksi nilipokuwa mimi nabisha. Hivyo wavitazame mwisho, maana vilisomwa na macho mazima."

Nikanyanyua vidole. Watu wote wale. Yule mpole asiyeandika neno la ziada, wale wanaotukanana, wote watanisoma.

"Lazima uniweke?"

"Ulinitaja barabarani," akasema, "mbele ya Mama na Bibi na mbuzi. Na mimi nakutaja."

Sikuweza kujua kama alikuwa anatania. Uso wake ulikuwa chini ya mkono. Nikamwuliza, na sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyotaka, kama amenisamehe.

Aliunyanyua mkono kidogo, akaurudisha juu ya macho.

"Sijakusamehe," akasema. "Andika."